Barua Isiyofungwa Uzi

Mwezi wa Oktoba korosho huanguka na maji hukauka. Ndivyo ilivyo huku juu, Newala. Kisima cha saruji cha kukingia mvua hubaki na mjusi tu, na mjusi mwenyewe ana kiu. Ukitaka maji, unashuka bondeni kwenye chemchemi. Kushuka ni rahisi. Kupanda na ndoo kichwani, hapo ndipo mtu hukumbuka dhambi zake zote.

Dorika alishuka asubuhi, akashuka tena jioni. Wenzake walishuka mara moja tu. Nyumbani kwake hawakuwa wengi: yeye, mwanawe Yoeli aliyekuwa darasa la pili, na mdogo wake Julia. Mume wake, Petro, alikuwa Masasi kwenye kazi ya ujenzi.

"Shikamoo, Bi Ziada," Dorika alisalimia siku moja kwenye foleni ya maji.

"Marahaba, Mama Yoeli. Umerudi tena? Hayo maji mnakunywa, au mnalima mpunga chumbani?"

Foleni nzima ikacheka. Dorika naye akacheka, lakini kwa meno tu.

Maji yale yalikuwa ya Julia.

Mwaka uliopita Julia alipata uchungu wa kujifungua akiwa kwa mumewe. Uchungu ukachukua muda mrefu, na hospitali ilikuwa mbali. Alipofikishwa, mtoto alikuwa ameshafariki. Tangu hapo mkojo ulimtoka wenyewe, mchana na usiku, bila yeye kuuita. Mumewe alivumilia kidogo, kisha akamrudisha kwa dada yake "apumzike". Hakuja tena kumwulizia.

Julia akahamia chumba cha nyuma. Kanisani haendi. Msibani haendi. Wanawake wakija kuomba moto, yeye hujifungia. Kila siku vitambaa vyake hufuliwa na kuanikwa ndani ya ua, mahali asipoona mtu. Na kufua kunataka maji, huku ambako maji hubebwa kwa shingo.

Mtu mwingine aliyejua ni Nesi Stella wa zahanati ya bondeni. Yeye alikuwa amemwambia Dorika waziwazi.

"Hiyo ni fistula. Si laana, si uchafu, si malipo ya uzinzi. Ni jeraha. Mtoto akikwama njiani muda mrefu, panachanika ndani, mkojo unapata njia nyingine. Linashonwa, na wengi wanapona. Madaktari wa kushona watakuja hospitali mwezi huu. Zungumza naye. Akikubali nijulishe mapema, nimwandikishe na kumtafutia gari."

Dorika alizungumza. Julia alikataa, akalia, akakataa tena. Halafu siku moja, wakimenya ming'oko, viazi vya porini, jikoni, alisema bila kuinua macho, "Nitakwenda, dada. Lakini kimyakimya. Watu wasijue mpaka nirudi."

"Nani atajua?" Dorika alisema.

Sasa ikabaki kumjulisha nesi.

Zahanati ilikuwa mbali, ng'ambo ya chemchemi. Korosho zilikuwa chini ya miti zikisubiri kuokotwa. Na mtandao wa simu huku ukingoni mwa mlima ni kama mjomba wa mjini: huja ukiwa umeshakata tamaa, na hakai. Lakini kijiji kilikuwa na dawa ya hilo. Dawa hiyo iliitwa Pokezana.

Aliyeileta ni Kelvin, mdogo wake Petro. Kelvin alikuwa fundi simu, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono yake. Pokezana ilikuwa programu ya kutumiana ujumbe. Haikuhitaji mnara wala vocha. Simu moja huipa ujumbe simu iliyo karibu. Ile nayo huipa nyingine, hadi ufike. Kwa kuwa kila siku watu hushuka kuteka maji, watu wa maji ndio wakawa minara. Ujumbe ulishuka nao na kupanda nao. Ulifika mpaka zahanati, kwa sababu wa bondeni nao walikuwa nayo.

"Haina ofisi," Kelvin alikuwa akitamba barazani kwake. "Haina bosi. Hakuna kampuni iliyokaa katikati inasoma mambo yenu."

Dorika alisikia hayo. Aliyaelewa nusu. Nusu ile ndiyo iliyomponza.

Maana kijiji kile kilikuwa na desturi ya barua ya mkono. Karatasi hukunjwa mpaka iwe ndogo kama karanga. Hufungwa uzi uliochomolewa kwenye pindo la kanga. Jina la mwenyewe huandikwa juu. Kisha unampa yeyote anayekwenda huko, hata kama mmegombana jana. Ataibeba, na hataifungua. Mtu anayefungua uzi wa mwenzake hatumwi tena, hata chumvi. Dorika alikulia katika desturi hiyo. Aliamini kwamba mbebaji ni mbebaji tu, awe mtu, awe simu.

Asubuhi, kabla ya kushuka, aliifungua Pokezana. Ukurasa wa kwanza uliotokea uliitwa Ukumbi. Akaandika humo humo:

"Kwa Nesi Stella, asisome mwingine. Mdogo wangu Julia amekubali. Ile fistula aliyoipata alipofiwa na mtoto inazidi, mkojo hautulii usiku kucha. Tuambie siku ya gari. Mimi Mama Yoeli."

Akabonyeza. Ujumbe ukaondoka. Akajitwika ndoo tupu, akaanza kushuka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa anaimba.

Huko kwenye chemchemi, Bi Ziada alikuwa na kazi yake. Mwaka ule alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima. Tangu ajue kusoma, hakuacha neno lipite hivi hivi. Alisoma mifuko ya saruji. Alisoma fulana za watu. Kila ujumbe ulioingia Ukumbini aliusoma kwa sauti, kwa ajili ya wasiojua kusoma, na kidogo kwa ajili ya sifa. Kwa kawaida ilikuwa ni mbuzi wa fulani amepotea, au mnada wa korosho umesogezwa mbele.

Simu yake ikalia. Simu nyingine tatu nazo zikalia. Bi Ziada akainua kidole, foleni ikanyamaza.

"Kwa Ne-si Ste-lla," alianza, "a-si-so-me mwi-ngi-ne. Mdo-go wa-ngu Ju-li-a..."

Msomaji mpya ni kama mtu anayeshuka mteremko na mzigo. Akishaanza, kusimama ni kazi. Maneno yalitoka mdomoni kabla maana haijafika kichwani. Alisoma mpaka "usiku kucha". Hapo maana ikamfikia. Sauti yake ikakatika.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Dorika alikuwa amesimama nyuma yao, ndoo mkononi. Maneno yake mwenyewe alikuwa ameyasikia yote, moja moja, yakitamkwa kwa silabi.

Bi Ziada akageuka. "Mama Yoeli," alisema. "Mimi..."

Dorika aliiacha ndoo palepale, akapanda mlima mbio.

Kelvin alikuwa barazani, amefungua simu ya mtu vipande vipande.

"Ehe, shemeji! Mbio hizo umeiba kuku wa nani?"

"Futa!" Dorika alihema. "Futa ule ujumbe! Sasa hivi!"

Kelvin alichukua simu ya Dorika, akasoma. Utani ukamtoka usoni. Alisoma mara ya pili, taratibu. Alikuwa hajui. Alizoea kumtania Julia kupitia dirishani, kwamba anaogopa jua lisije likamla.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "naweza kuufuta kwenye simu hii. Na kwenye yangu. Basi."

"Basi vipi? Si wewe mwenye Pokezana?"

"Haina mwenyewe. Nilikwambia haina ofisi. Ukiwa na ofisi, angalau una mlango wa kugonga ukalalamike. Hapa hakuna mlango. Ujumbe sasa uko ndani ya simu zote zilizopita pale. Kila simu ina nakala yake. Anayeweza kuifuta ni mwenye simu."

"Lakini ulisema hakuna anayesoma!"

"Nilisema hakuna aliyekaa katikati anayesoma. Sikusema walio pembeni hawasomi. Ukumbi ni kama kusimama pale kwenye maji na kupaza sauti."

"Niliandika jina lake juu. Niliandika asisome mwingine!"

"Jina umeandika," Kelvin alisema. "Uzi hukufunga. Na mimi ndiye niliyetakiwa kukuonyesha uzi ulipo. Nilikazana kujisifu."

Habari hupanda mlima haraka kuliko maji. Dorika alipofika nyumbani, Julia alikuwa ameshasikia kupitia ukuta. Watoto wawili walikuwa wamepita nyuma ya nyumba wakinong'ona.

Julia alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango.

"Fungua, mdogo wangu."

"Siendi hospitali."

"Julia..."

"Nipande gari watu wote wananitazama nilipokalia? Nilikuomba kitu kimoja tu, dada. Kimoja." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka. "Nimekaa humu mwaka mzima nikilinda hilo moja."

Dorika alikaa upande wake wa mlango, Julia upande wake. Yoeli alirudi kutoka shuleni, akamtazama mama yake, akaenda kukaa pembeni bila kuuliza chakula.

Kesho yake Nesi Stella alifika kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Aliwakuta Kelvin na Dorika uani.

"Ujumbe wako nimeupata," alisema. "Mimi na wilaya nzima."

Dorika akainamisha kichwa. Nesi akamshika bega.

"Sikuja kukugombeza. Nimekuja kuonana na Julia. Na nimekuja kuonana na simu yako."

Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa Julia, makusudi, akasema kwa sauti ya kusikika ndani.

"Kelvin, mwonyeshe. Safari hii bila kutamba."

Kelvin akachuchumaa. "Angalia, shemeji. Usiandike kitu Ukumbini isipokuwa ni cha kila mtu. Mbuzi, mnada, msiba. Cha mtu mmoja, bonyeza jina lake, hivi. Kinafunguka chumba chenu wawili. Tazama juu. Unaona nini?"

"Kufuli."

"Huo ndio uzi. Ukiona kufuli, maneno yako yanafungwa kabla hayajatoka ndani ya simu hii. Simu zitakazoyabeba zitabeba vurugu tupu, herufi zisizo na maana. Hata Bi Ziada na kisomo chake hataambulia kitu. Simu ya Nesi peke yake ndiyo yenye ufunguo."

"Na usipoliona kufuli?" Nesi aliuliza.

"Siandiki," Dorika alijibu.

"Vizuri. Sasa sikiliza jambo la pili. Hapa mtu yeyote anaweza kujiita Nesi Stella. Hakuna anayeuliza kitambulisho. Ukimfungia siri mtu wa uongo, umemfungia zawadi. Kwa hiyo kwanza tunaonana uso kwa uso. Lete simu."

Nesi alitoa simu yake. Kwenye kioo palitokea mchoro wa miraba midogo midogo, mithili ya mkeka uliosukwa na mlevi. Dorika akaielekeza kamera ya simu yake pale. Simu ikatetemeka. Mbele ya jina la Nesi Stella pakatokea alama ya vema.

"Sasa simu yako inanijua mimi, si jina langu," Nesi alisema. "Alama hii ikipotea siku moja, usiandike. Niulize kwanza nikiwa mbele yako."

"Na namba ya siri ya kufungulia simu yenyewe weka," Kelvin aliongeza. "Kufuli la ndani halisaidii kama mlango wa nje uko wazi na Yoeli anacheza gemu."

"Na bado," Nesi alisema, "yule unayemwandikia akishaufungua, anaweza kumwonyesha mwingine. Hakuna kufuli la mdomo wa mtu. Kwa hiyo chagua mtu kwanza, simu baadaye."

Halafu akageukia mlango.

"Lakini kuna kosa lingine ambalo si la simu. Dorika, ile habari ilikuwa ya nani?"

Dorika aliutazama mlango. "Ya Julia."

"Ulimuuliza kama uiandike?"

"Hapana."

"Ulimsomea kabla ya kutuma?"

"Hapana."

Ndani, komeo likasogea kidogo. Mlango haukufunguka, lakini haukuwa umefungwa tena.

Jioni, Nesi na Kelvin wakiwa bado hawajaondoka, Bi Ziada akaja. Alikuja na ndoo mbili za maji, moja kichwani, moja mkononi, na umri ule. Moja ilikuwa ndoo ya Dorika, ile aliyoiacha. Nyuma yake walikuja wanawake wanne, kila mmoja na ndoo. Walizipanga ukutani bila kusema. Ua ule haukuwa umeona maji mengi hivyo tangu masika.

Bi Ziada hakukaa. Alisimama mbele ya chumba cha nyuma.

"Mwanangu Julia. Mimi ndiye niliyesoma. Palikuwa pameandikwa asisome mwingine. Nilipaona. Nilipasoma kwa sauti, kisha nikaendelea. Nimekaa maisha yangu yote nikibeba barua za watu nisizoweza kuzisoma. Sikuwahi kufungua uzi hata mmoja. Nimejifunza kusoma juzi tu, nikaufungua wa kwako."

Akamgeukia Kelvin. "Nimefuta. Hawa nao wamefuta, nimesimama nikiwatazama. Nimezunguka na kwa wengine waliokuwepo. Je, ujumbe umekwisha?"

Kelvin angeweza kusema uongo mtamu. Mdomo wake ulikuwa na uzoefu huo. Hakusema.

"Labda, Bi Ziada. Labda kuna simu moja iliyopita njia ikaondoka nao. Hatuwezi kujua. Ujumbe ukishatoka wazi, haurudi."

Mlango ukafunguka. Julia akasimama pale, kanga imezungushwa kiunoni mara mbili, macho yamevimba. Wanawake walitazama chini, wasimwaibishe. Bi Ziada peke yake ndiye aliyemtazama usoni.

"Haurudi," Julia alirudia.

"Haurudi, shemeji," Kelvin alisema.

Julia alitazama zile ndoo ukutani. Alizitazama moja moja.

"Basi sina cha kujifichia humu ndani," alisema. "Nesi, nitapanda gari. Ila kuanzia leo habari zangu ninaziandika mwenyewe. Dada asiandike. Nesi asiandike. Mimi."

"Unayo simu?" Nesi aliuliza.

Julia alitikisa kichwa. Kelvin alitoka mbio, akarudi na simu ya zamani, kioo kimepasuka kama mto wenye vijito.

"Nilikuwa naitengeneza niiuze," alisema. "Ni mbaya, lakini inasikia kuliko mimi."

Julia akacheka. Kicheko kidogo, chenye kutu. Walikaa pale uani mpaka giza likaingia. Julia akajifunza Ukumbi ni upi na chumba cha wawili ni kipi. Simu yake ikaonana na ya Dorika. Ikaonana na ya Nesi. Alama ya vema ikatokea mara mbili. Bi Ziada naye akasogeza simu yake, halafu akairudisha nyuma.

"Ukipenda," alisema.

Julia alifikiri. "Nikirudi," alijibu.

Gari lilipokuja, Dorika alikunja kanga safi, akamfungia mdogo wake begi. Hakuandika kitu popote. Korosho ziliendelea kuanguka. Alizianika, akazigeuza, akazianika. Kila aliposhuka bondeni aliangalia simu, hakuna kitu. Huko hospitali mtu aliyeshonwa hulazwa na mpira wa mkojo kwa majuma kadhaa, jeraha likauke. Hilo alilijua. Kujua hakumsaidii mtu kulala.

Siku moja asubuhi alikuwa kwenye foleni ya maji, nyuma ya Bi Ziada. Nesi Stella alikuwa amerudi zahanati usiku wa jana, kutoka kuwaangalia wagonjwa wake hospitalini. Wanawake wa bondeni walikuwa wameshafika na ndoo zao, wamepita karibu na zahanati. Kwenye kioo cha simu ya Bi Ziada ikawaka picha ndogo ya bahasha. Ni alama ya kwamba simu imebeba mzigo wa mwenzake.

Bi Ziada aliiinua. Foleni ikanyamaza, kwa mazoea. Aliitazama ile bahasha. Chini yake hapakuwa na neno hata moja la kusoma, ila kufuli.

"Kuna kitu kimepita," alitangaza. "Sijui cha nani, sijui kwa nani. Endeleeni kuteka."

Papo hapo simu ya Dorika ikatetemeka ndani ya kanga. Alisogea kando, nyuma ya jiwe. Aliangalia kwanza alama ya vema mbele ya jina la Julia. Ipo. Akaangalia kufuli. Lipo. Kisha akasoma. Alisoma mara moja. Akaketi chini kwenye majani yenye maji, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika.

"Mama Yoeli!" Bi Ziada alimwita. "Ni heri au ni shari? Tuambie tu kama tukulilie au tukushangilie!"

Dorika alifunua uso. Ulikuwa umelowa. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Mwenyewe atakuja kusema, Bi Ziada," alijibu.

Bi Ziada alimkodolea macho. Halafu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyeridhika. "Haya," alisema. "Uzi umefungwa."

Msomaji, usinitazame mimi. Sijui kilichoandikwa mle ndani, na ningekijua nisingekwambia.

Ninachokijua ni kile kilichoonekana na kila mtu. Mvua za kwanza zilikuwa hazijanyesha, na foleni ya maji ilikuwa ndefu. Msichana mmoja alishuka mlima mchana kweupe, ndoo kichwani, kanga imezungushwa kiunoni mara moja tu. Akasimama mwisho wa foleni, nyuma ya Bi Ziada.

"Shikamoo, Bi Ziada."

Mama yule akageuka. Akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ndoo moja?"

"Moja inatosha," Julia alisema.

Kisha akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaigeuza upande wa Bi Ziada, miraba midogo midogo ikang'aa juani.